Maji ya kupelekea watoto Goma: pisini, plaji, boti au ufuo wa bure?

Likizo kubwa ikifika, watoto wa Goma wana wimbo mmoja tu: maji. Ziwa liko hapo chini, pisini za hoteli ziko, boti za kwenda visiwani ziko, na pesa ya matembezi ni ya mara moja. Wangu watatu nimewapeleka kote huko. Orodha hii ni ya familia yenye mtoto wa chini ya miaka 10. Mwenye vijana wanaojua kuogelea anaweza kuipanga upya.

Ya kwanza ni pisini yenye beseni la watoto. Ni ghali kuliko ziwa, nakubali, lakini hapo unalipia kuona miguu ya mtoto wako. Kabla ya kutoa hata franka moja, omba uingie uangalie. Simama upande wenye kina kirefu utazame chini. Kama huoni vizuri kifuniko cha tundu la kutolea maji pale sakafuni, ondoka, maana mtoto akizama hapo hakuna atakayemwona. Kifuniko chenyewe kiwe kizima na kimekazwa, kwa sababu tundu lililo wazi linavuta nywele na mkono. Kisha nusa. Wengi wakisikia harufu kali ya klorini wanasema maji ni safi, kumbe harufu ile inayochoma macho inatokea klorini inapokutana na jasho na mkojo. Maji yaliyotunzwa hayanuki sana.

Jambo lingine nililifundishwa na binti yangu. Alikuwa na miaka 4, anacheza kwenye beseni dogo, maji yakimfika magotini. Niligeuka kulipa Fanta mbili. Niliporudisha macho, beseni lilikuwa tupu. Kati yake na pisini kubwa hapakuwa na uzio wala kamba, ni hatua chache tu za vigae vilivyolowa. Nilimkuta kwenye maji makubwa, uso umeelekea juu, mdomo unafunguka na kufunga, sauti haitoki. Watu walikuwa wamekaa karibu kabisa, wanakula sambaza, na hakuna aliyesikia kitu. Nilipomtoa, kijana wa pale aliniambia, "Pole sana papa, hapa hatuna mtu wa kuangalia watoto. Kila mzazi na wake." Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza mlangoni ni hili: nani anaangalia maji? Wakinionyesha mtu ambaye pia anauza vinywaji, nahesabu kwamba hayupo.

Ya pili ni plaji ya kulipia ziwani. Ziwa letu la Kivu halina mamba, na hiyo ni neema kubwa. Tatizo ni sakafu yake. Ukingo wetu umetengenezwa na volkano: mawe meusi yanayokata nyayo, kisha ghafla hakuna chini. Huko katikati kina kinapita mita 400. Chagua plaji iliyomwagiwa mchanga na yenye kamba ya maboya, halafu mtu mzima atangulie kutembea mpaka kwenye kamba. Maji yakimpita kifua kabla hajafika, hiyo si ya watoto. Wavalishe sandali hata majini. Nendeni asubuhi, kabla upepo haujaleta mawimbi, na mvua kubwa ikinyesha acheni siku mbili zipite, kwa sababu uchafu wa mji wote unateremkia ziwani na kipindupindu hakijawahi kutuacha kabisa.

Wageni huniuliza kuhusu gesi ya Kivu. Ile metani na kaboni dayoksaidi nyingi imelala chini sana, zaidi ya mita 200, na haimfikii anayeogelea juu. Mimi naogopa mazuku. Kuelekea Bulengo, Mugunga na Lac Vert, gesi inatoka ardhini na kutuama kwenye mabonde na mashimo kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua vizuri wakati mtoto aliyechuchumaa mbele yake anazimia. Alfajiri isiyo na upepo ndiyo mbaya zaidi. Ukiona shimo lenye mijusi au ndege waliokufa, usitandike mkeka hapo. Mtu akianguka ndani, usishuke kumfuata. Na waulize wenyeji, maana wanayajua mashimo yao moja moja.

Ya tatu ni boti, kwenda Idjwi au Tchegera, kile kisiwa chenye umbo la mwezi mwandamo ndani ya Hifadhi ya Virunga. Kwa uzuri ingekuwa ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu ya jile, lile koti la kuelea majini. Jile ya mtu mzima inamvuka mtoto kichwani akiingia majini. Inatakiwa ya saizi yake, yenye mkanda unaopita kati ya miguu. Hakuna jile ya mtoto, hakuna safari, hata kama mmeshafika bandarini. Na hesabuni watu waliopanda. Boti iliyotoka Minova tarehe 3 Oktoba 2024 ilizama karibu na Kituku, watu wakiiona ufukweni, na ilikuwa imejaa kupita kiasi.

Ya mwisho ni ufuo wa bure kama Kituku. Hapo watu wanachota maji kwa bidoni, wanafua, boti zinaegesha na kuondoka. Mtoto anayecheza hapo hana nafasi yake. Kama pesa haitoshi, ni heri kujaza beseni kubwa uani na kukaa kando yake.

Popote mtakapokwenda, ngurumo ya kwanza ikisikika upande wa Masisi, watoeni watoto wote majini, hata kama mmelipa sasa hivi. Na bebeni sweta kavu kwa kila mmoja. Goma iko juu, karibu mita 1,500, na jua likifichwa na wingu mtoto aliyelowa anaanza kutetemeka kabla hujakunja taulo.