O*NET Interest Profiler: linamsaidia kiasi gani mwanachuo asiyejua achague kozi ipi?

Madodoso ya mtandaoni yanayoahidi kukuonyesha "kazi iliyoandikwa kwa ajili yako" ni mengi, na mengi ni burudani tu. Tunalolipima hapa ni la aina nyingine. O*NET Interest Profiler ni dodoso la bure la Wizara ya Kazi ya Marekani, linapatikana kwenye tovuti ya My Next Move, na nyuma yake kuna hifadhidata kubwa ya kazi iitwayo O*NET OnLine. Tuseme mapema tunachokiona: dodoso lenyewe ni zuri kiasi, ila hifadhidata ni nzuri zaidi, na wanafunzi wengi hulijaza dodoso, wakapiga picha ya herufi tatu za makundi yao ya juu ya mapendeleo, wakafunga ukurasa. Hapo wamechukua ganda wakaacha kokwa.

Maswali ni 60, yamegawanywa kurasa tano zenye maswali 12 kila mmoja. Kila swali ni shughuli moja fupi: kutengeneza makabati ya jikoni, kuvumbua dawa mpya, kuandika vitabu au tamthilia, kumsaidia mtu mwenye msongo wa kihisia, kununua na kuuza hisa, kupitia fomu ili kunasa makosa. Unachagua jibu moja kati ya matano, kuanzia "sipendi kabisa" hadi "napenda sana". Hakuna kujisajili, hakuna malipo, na kwa mtu asiyesitasita ni kazi ya dakika kama 10.

Alama zinapatikana kwa hesabu rahisi. Jibu la chini kabisa lina 0, la juu kabisa lina 4. Maswali 10 yanahusu kundi moja la mapendeleo, hivyo kila kundi linaishia alama 40. Makundi ni sita, na yanatokana na nadharia ya mwanasaikolojia wa Marekani John Holland, aliyoichapisha mwaka 1959. R ni kazi za mikono, mashine na vitu vinavyoshikika. I ni uchunguzi na utafiti. A ni sanaa na ubunifu. S ni kufundisha, kuuguza na kuhudumia watu. E ni kuongoza, kushawishi na kufanya biashara. C ni kazi za utaratibu: hesabu, kumbukumbu, nyaraka. Mpangilio huo wa herufi una maana yake. Ziweke kwenye pembe za umbo la pande sita kwa kufuata R, I, A, S, E, C: zinazopakana zinafanana, zinazotazamana ni mbalimbali. Mwenye I na R juu atapata kazi nyingi zinazochanganya yote mawili. Mwenye A na C juu atapata chache, kwa sababu herufi hizo zinavutana, na itambidi atafute kwa makini zaidi.

Sasa ujazaji wenyewe, ambapo ndipo mengi huharibika. Maelekezo yanasema usifikirie elimu inayotakiwa wala mshahara, na karibu kila mtu anayapuuza. Mwanafunzi akikutana na "kujenga kwa matofali" anajibu "sipendi" kwa sababu haoni heshima ndani yake, ilhali swali linapima kitu kingine kabisa: je, unafurahia kazi ambayo mwisho wa siku unaweza kuigusa? Kosa la pili ni kujibu kwa niaba ya mzazi au ya kozi uliyokwisha kuiandikisha. Mtu wa mwaka wa pili wa uhasibu huwa na kishawishi cha kupandisha maswali yote ya C ili ajihakikishie kwamba hajapotea, na dodoso halina namna ya kumkamata. Kosa la tatu ni jibu la katikati, lile la "sina uhakika". Ukilitumia mara nyingi, alama zote sita zitajikusanya karibu na 20 na hutaambulia chochote. Shughuli ambayo hujawahi kuifanya, jiulize tu: ningepewa siku nzima niifanye bila mtu kunitazama, ningeisubiri kwa hamu au ningeikwepa?

Kabla ya kufunga ukurasa, andika alama zote sita pembeni. Herufi tatu za juu peke yake hazitoshi, na mfano huu unaonyesha kwa nini. Tuseme umepata I 31, S 27, A 25, E 14, R 12, C 10. Utasomeka ISA. Lakini tofauti ya S na A ni alama 2 tu, ambazo zinaweza kuhama kwa kubadilisha majibu mawili, kwa hiyo tafuta kazi za ISA na za IAS pia. Jambo kubwa hapa ni lile pengo la alama 11 kati ya A na E: linasema wazi kwamba kuuza, kuongoza na kupanga mafaili si mahali pako, na hilo ni la uhakika kuliko mpangilio wa herufi za juu. Kwa maoni yetu, dodoso hili linajua zaidi usichokipenda kuliko unachokipenda. Lichukulie hivyo na litakufaa.

Na kama alama zote ziko kati ya 18 na 23? Mara nyingi inamaanisha ama umejibu kwa uvivu ama bado hujaonja shughuli za kutosha kuwa na msimamo. Lirudie baada ya wiki mbili, asubuhi, ukiwa peke yako. Zikibaki bapa vilevile, usilazimishe herufi. Nenda moja kwa moja kwenye hifadhidata ukaanze na kazi ambazo unazijua kwa majina.

Baada ya alama, mfumo unakuuliza ngazi ya maandalizi, kuanzia 1 hadi 5. Ngazi ya 3 kwa kawaida ni ya ufundi stadi na stashahada, ya 4 mara nyingi inadai shahada ya kwanza ya miaka minne, ya 5 ni ya waliosoma zaidi ya hapo. Wanafunzi huibonyeza haraka kana kwamba ni urembo wa ukurasa. Isome vizuri, kwa sababu ndiyo inayofichua mtego mkubwa kuliko yote katika kuchagua kozi: kazi ambayo shahada ya kwanza haitoshi kuifikia. Saikolojia ni mfano mzuri. Kozi inavutia, darasa linajaa, lakini mwanasaikolojia wa tiba yuko ngazi ya 5. Anayechagua kozi hiyo kwa ajili ya kazi hiyo anachagua shahada zaidi ya moja, na anapaswa kujua hivyo mwaka wa kwanza, si siku ya mahafali. Mwanasheria na mfamasia nao wako ngazi ya 5.

Tufike kwenye hifadhidata. Ina kazi zaidi ya 900, na kila moja ina ukurasa wake. Taarifa nyingi zimekusanywa kwa kuwahoji wanaoifanya kazi hiyo au wataalamu wanaoijua kwa karibu. Ukurasa ni mrefu, na mpangilio wake unachosha. Ruka maelezo ya juu, fungua sehemu mbili kwanza.

Ya kwanza ni orodha ya majukumu. Yahesabu: mangapi yanaanza na kuandika ripoti, mangapi na kuongea na watu, mangapi na kupima, kukagua au kurekebisha. Cheo kinadanganya, vitenzi havidanganyi. Wengi wanaoota uhandisi wa ujenzi wanajiona wakiwa eneo la ujenzi na kofia ngumu kichwani, kumbe sehemu kubwa ya majukumu ni hesabu, michoro, makadirio ya gharama na ukaguzi wa nyaraka. Kama C yako ni 6, hiyo ni habari muhimu.

Sehemu ya pili, ambayo hakuna mshauri anayekuonyesha, ni mazingira ya kazi. Hapa wafanyakazi wamejibu maswali kama haya: unakaa kitini kwa muda gani? Unakutana mara ngapi na watu wenye hasira? Ukikosea, madhara yake ni makubwa kiasi gani? Unabanwa na muda mara ngapi? Uko karibu na magonjwa ya kuambukiza? Majibu yanaonyeshwa kwa asilimia. Kwa mwanafunzi anayesita kati ya kozi mbili zenye herufi zilezile, hii ndiyo mizani. Uuguzi na ualimu vyote vina S juu, lakini mazingira yake ya kila siku ni tofauti kabisa, na mtu huacha kazi kwa sababu ya mazingira mara nyingi kuliko kwa sababu ya somo.

Sehemu ya ujuzi na maarifa inatumia kipimo cha umuhimu cha 0 hadi 100. Usishikwe na namba moja moja. Linganisha kazi tatu unazozifikiria, uandike yale yaliyo juu kwenye zote tatu. Yakitokea hisabati na uandishi, basi hata bila kujua mwisho wako umeshajua masomo mawili ya kuchukua muhula ujao. Kwa mwenye shaka hii ndiyo njia yenye busara: chagua masomo yanayotumika kwenye kazi nyingi kati ya unazozipenda, uahirishe yale yanayofunga milango. Angalia pia masharti ya awali. Kozi za uhandisi na sayansi za afya huwa na mlolongo wa masomo yanayotegemeana, hivyo kuingia humo ukiwa umechelewa kunaongeza mihula. Kutoka humo kwenda kozi nyingine kwa kawaida ni rahisi zaidi.

Daraja la kutoka kwenye kazi kwenda kwenye kozi ndilo kiungo dhaifu cha mfumo huu. Lipo, kwenye ukurasa wa ulinganisho wa misimbo: unaingiza jina la fani au msimbo wake wa tarakimu sita, mfano 27.0501 kwa takwimu, unapata kazi zinazohusiana. Kwa uuguzi, uhasibu au takwimu linafanya kazi vizuri. Kwa historia, falsafa na fani za aina hiyo linakata tamaa mapema: historia inakupeleka kwa mwanahistoria na mwalimu wa historia, basi. Wahitimu wa fani hizo wanafanya kazi za aina nyingi kuliko hizo, lakini jedwali linafuata uhusiano wa moja kwa moja wa somo na kazi, halifuati watu walikoishia. Ukiwa upande huo, geuza utaratibu: anza na kazi, soma ujuzi unaotakiwa, kisha uliza kozi ipi inakupa ujuzi huo.

Kasoro nyingine ni hizi. Mishahara na alama ya jua inayoashiria kazi zenye matumaini ni za Marekani tu, na msomaji wa kwingineko azipite. Hata kwa aliyeko Marekani, alama hiyo inaweza kutolewa kwa sababu nafasi za kazi ni nyingi, na nafasi huwa nyingi pia pale ambapo watu wanaacha kazi kwa wingi. Masharti ya leseni vilevile hutofautiana nchi kwa nchi. Tovuti inapatikana kwa Kiingereza na Kihispania pekee. Alama hazirekebishwi kwa jinsia, ingawa inajulikana kwamba kwa wastani wanaume hupata R ya juu zaidi na wanawake S ya juu zaidi. Binti mwenye R ya 22 asiidharau kwa sababu tu S yake ni 29. Halafu dodoso linapima mapendeleo, halipimi uwezo. I ya 38 haikufaulishii kemia.

Likilinganishwa na kipimo maarufu cha haiba cha MBTI, hili linashinda kwa matumizi haya. MBTI inakata kila sifa vipande viwili, kwa hiyo aliye karibu na katikati anaweza kupewa aina nyingine akirudia, na haikuambii kitu kuhusu majukumu ya kazi. Strong Interest Inventory, dodoso jingine la mapendeleo ambalo asili yake ni mwaka 1927, ni la kina zaidi na linalinganisha majibu yako na ya watu walioko kazini, lakini ni la kulipia. Anza na la bure. Likikuacha na kazi mbili au tatu zenye uzito sawa, hapo ndipo la kulipia linaweza kustahili fedha yake.

Lipo pia toleo fupi la maswali 30, matano kwa kila kundi. Liache. Unaokoa dakika tano, na jibu moja la pupa linabeba uzito mara mbili. Mwenye intaneti ya kusuasua atafute la karatasi lenye maswali 60, alijaze kwa kalamu, ajumlishe alama mwenyewe, kisha aingie mtandaoni kusoma kurasa za kazi tu. Atenge saa mbili kwa kazi tano, na aende kwa mshauri wa masomo na orodha ya maswali yaliyotoka kwenye majukumu na mazingira, si na herufi tatu.