Paa la gari-nyumba: EPDM (utando wa mpira) au TPO (utando wa plastiki)?

Kwenye jua kali TPO inaongoza. Huakisi joto vizuri, na haitoi unga kama EPDM, ambayo ikizeeka huacha michirizi myeupe ubavuni mwa gari kila mvua inyeshapo (kero kwa mwenye gari jeusi!). Kwenye baridi ya kugandisha mambo hugeuka: EPDM ni mpira, hubaki laini, wakati TPO hukakamaa. EPDM pia ni rahisi kutia kiraka, ila usiisafishe kwa kitu chenye petroli, itavimba. Penye mvua nyingi sioni mshindi. Maji hupenyea kwenye maungio na kandokando ya matundu ya hewa, kwa hiyo kagua gundi ya kuzibia mara 2 kwa mwaka. Unayehamahama, angalia gari linalala wapi miezi mingi.