Volkano ya siki au maharage kwenye pamba?

Ni majaribio mawili ya sayansi ya kufanya na mtoto nyumbani: kutoa povu kama volkano, au kuotesha maharage. Kwa gharama, maharage yanashinda: punje 3, pamba yenye unyevu na glasi, basi. Volkano inataka siki na magadi soda, na mtoto akishaona povu likifurika atadai tena mpaka chupa iishe. Ila haikuangushi: asidi ya siki ikikutana na magadi, gesi ya kabonidayoksaidi hutoka papo hapo na kuleta povu. Maharage ya zamani huenda yasiote, na ukizidisha maji yanaoza na kunuka. Lakini mzizi ukishachomoza, igeuze punje juu chini. Baada ya siku mbili tatu utaukuta umejipinda kuelekea chini tena. Hapo maswali hayaishi! Mtoto wa miaka 3 hana subira hiyo. Mpe povu, uani, mbali na mkeka. Wa miaka 6 aichore glasi ya maharage kila asubuhi.