Kigoma hadi Dodoma kwa Cessna ya miaka ya hamsini: uzoefu wangu

Watu kadhaa hapa Kigoma wameniuliza kama inafaa kulipa fedha nyingi kiasi kile ili kukaa ndani ya ndege iliyotengenezwa kabla nchi hii haijapata uhuru, ilhali reli ipo na ndege za kawaida za abiria zipo. Jibu langu ni kwamba inafaa kwa sehemu moja ya safari na haifai kwa sehemu nyingine, na kwamba aliyeifanya huduma hii iwe na thamani kwangu alikuwa rubani, hasa pale alipokataa kufanya tulichomlipa afanye. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa maelezo tuliyopewa wakati wa kulipia hayakugusa hata nusu ya mambo ambayo abiria anapaswa kuyajua.

Ndege yenyewe ni Cessna 180, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1953 na ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1981. Ina injini moja ya silinda sita, viti vinne, mabawa yaliyopita juu ya madirisha, na gurudumu dogo chini ya mkia. Kwa sababu ya gurudumu hilo la mkia, ndege ikiwa chini hukaa imeinua pua, na rubani haoni kilicho mbele yake. Anapoelekea kwenye njia ya kurukia hulazimika kwenda upande upande ili achungulie. Aina hii ndiyo aliyoitumia Jerrie Mock wa Marekani mwaka 1964, alipokuwa mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa ndege. Yetu ilikuwa ya katikati ya miaka ya hamsini, imesajiliwa nchini kwa herufi za 5H kama ndege nyingine zote za Tanzania, na rangi yake ilikuwa imepauka kwenye mabawa. Viti vilikuwa vimeshonwa upya. Mlango ulihitaji kuvutwa kwa nguvu.

Lawama yangu ya kwanza, na ndiyo kubwa, inaihusu ofisi iliyotuuzia safari, ambayo sitaitaja. Tuliambiwa kwa simu kwamba kila mtu aje na begi moja, basi. Hakuna aliyetuuliza uzito wetu wala kutueleza kwamba ndani ya ndege ndogo kila kilo ina hesabu yake. Rafiki wa mdogo wangu, ambaye alikuwa abiria wa tatu baada yangu mimi na mdogo wangu, alifika uwanjani na dumu la mawese la lita 20 alilotaka kuwapelekea shemeji zake Dodoma, kama ambavyo mtu yeyote wa Kigoma angefanya. Rubani alitupima sote kwa mizani ya bafuni, akaandika, akajumlisha, kisha akamwambia kwa upole, “Kaka, hilo dumu ni nusu saa ya kuruka.”

Sote tulidhani anatania, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi. Cessna 180 za miaka ile ziliruhusiwa kupaa zikiwa na uzito usiozidi kilo 1,157 hivi, na ndege tupu peke yake huchukua karibu kilo 700. Matangi yakijazwa, petroli huongeza kama kilo 150. Kinachobaki ni takriban kilo 300 za watu wanne na mizigo yao yote, kwa hiyo watu wazima wanne wenye miili ya kawaida wanaweza kuumaliza uzito huo kabla begi halijapakiwa. Dumu la mawese lina kilo 18 au zaidi. Ukipunguza petroli ya uzito huo ili dumu lipate nafasi, unapoteza lita 25 hivi, nayo injini hunywa lita 45 hadi 50 kwa saa. Dumu lilibaki Kigoma na mwenyewe alinuna mpaka tulipofika Uvinza. Simlaumu, kwa sababu ofisi ingeweza kumwambia mapema na ikamwepusha na aibu ile.

Tulitakiwa kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukaondoka karibu saa mbili. Sehemu ya muda huo rubani alikuwa akiikagua ndege, na nilimfuata nyuma nikiuliza maswali, tabia ambayo miaka ya kufundisha jiografia haijaniruhusu kuiacha. Alichukua petroli kidogo kutoka chini ya kila tangi kwa kikombe cha kioo na kuinyanyua kwenye mwanga. Petroli ya ndege za injini za aina hii hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na mafuta ya ndege za jeti, na maji yakiwamo huonekana chini ya kikombe kwa sababu ni mazito kuliko petroli. Alipitisha vidole kwenye kingo za rafadha, lile panga la mbele linalozunguka, akitafuta mikwaruzo ya changarawe. Baada ya kuiwasha injini alizima magneto moja, yaani kifaa kinachozipa plagi umeme wa kutoa cheche, akasikiliza, akairudisha, kisha akazima ya pili; kila silinda ina plagi mbili, na kila magneto huhudumia plagi moja ya kila silinda, hivyo moja ikifa angani injini haizimi. Alinionyesha pia daftari la injini. Umri wa chombo kama hiki huhesabiwa kwa saa za kuruka na kwa matengenezo yaliyoandikwa na kutiwa saini, na injini huwa imeshafunguliwa na kufanywa upya mara kadhaa tangu ndege ilipotoka kiwandani. Chuma kilichotengenezwa zamani na kutunzwa kwa kumbukumbu kamili kinanipa amani zaidi kuliko basi jipya ambalo dereva wake halali.

Saa iliyobaki ilipotea kwa moshi. Ilikuwa mwezi wa tisa, wakati ambapo nyika zinachomwa kila mahali kabla ya mvua, na asubuhi ile milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa haikuonekana kabisa. Ndege hii huongozwa kwa kutazama ardhi, na rubani hakutaka kupaa mpaka apate taarifa kwamba upande wa mashariki kunaonekana vizuri. Tulikaa chini ya bawa tukinywa chai ya chupa.

Sehemu ya Kigoma hadi Tabora ndiyo inayostahili fedha zako. Baada ya kupaa tulizunguka juu ya ziwa ili kupata kimo, na hapo mtu anaelewa Ujiji na Kigoma zilivyokaa, ghuba ya bandari ikiwa imekingwa na vilima na Ujiji ikiwa imelala wazi ufukweni. Ghuba hiyo hiyo ilishambuliwa kwa mabomu mwaka 1916 na ndege za Wabelgiji zilizokuwa zikiruka kutoka majini upande wa pili wa ziwa, wakiitafuta meli ya Kijerumani ambayo leo tunaiita Liemba. Kwa hiyo ndege ndogo za injini moja si ugeni katika anga ya hapa. Maji yalikuwa na buluu nzito karibu na nyeusi, jambo lisiloshangaza kwa ziwa lenye kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa.

Kisha tuligeuka mashariki na kupanda hadi futi 7,500. Kimo hicho kina sababu: ndege zinazotazama ardhi zikielekea mashariki hutumia maelfu ya futi ya idadi witiri, kama elfu tano au elfu saba, na kuongeza 500, na zinazoelekea magharibi hutumia ya idadi shufwa na kuongeza 500 vilevile, ili zisikutane uso kwa uso. Chini yetu reli ya kati ilikuwa ikionekana upande wa kulia, na kando yake mahali pengine tuta jekundu la reli mpya ya kisasa. Nimesafiri kwa treni kati ya Kigoma na Tabora tangu utotoni, usiku mzima kila safari, na sikuwahi kuelewa kwa nini njia inajipinda kiasi kile. Kutoka juu mtu anaona. Mto Malagarasi unajitawanya kwenye matete na vidimbwi kwa eneo kubwa mno, na Wajerumani waliofikisha reli Kigoma mwaka 1914 walilazimika kuitafutia ardhi ngumu hatua kwa hatua. Ardhi oevu ya Malagarasi na Moyowosi iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000, ikiwa ya kwanza kwa Tanzania. Nimeifundisha habari hiyo kwa miaka mingi kwa kutumia ramani ya ukutani, ambapo eneo lote ni vistari vichache vya buluu.

Juu ya mabwawa hayo injini ilibadili sauti. Mngurumo ulishuka, ukawa kama wa mtu anayesafisha koo, na mdogo wangu akanishika mkono. Rubani alivuta kitasa kimoja, injini ikazidi kukwaruza kwa sekunde chache, kisha ikarudi kama kawaida. Alitueleza kupitia vipokea sauti kwamba petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta, panapochanganywa petroli na hewa, hupooza hewa sana, na hewa ikiwa na unyevu mwingi barafu inaweza kujijenga humo hata kama nje hakuna baridi ya kugandisha maji. Kitasa alichovuta hupeleka humo hewa iliyopashwa moto kando ya bomba la moshi na kuiyeyusha barafu, na ule mkwaruzo ulikuwa maji ya barafu yakipita ndani ya injini. Injini za kabureta zina tabia hiyo na rubani anayezijua huisikia mapema. Hata hivyo, jambo hili lingepaswa kuelezwa kwa abiria wakiwa bado chini, kwa maneno mawili tu.

Baada ya Kaliua na Urambo, penye mashamba ya tumbaku yaliyokatwa ndani ya miombo, tulitua Tabora kama saa moja na nusu hivi tangu tulipoondoka Kigoma. Hapo ndipo palipotokea mgogoro. Mkataba ulisema tungeendelea Dodoma siku hiyo hiyo mchana. Rubani aliangalia hali ya hewa, akapiga simu Dodoma, kisha akasema tutalala Tabora.

Abiria mwenzetu wa mawese alikasirika sana na kudai arudishiwe fedha. Rubani alimsikiliza mpaka mwisho, akatoa sababu mbili. Uwanja wa Tabora uko karibu mita 1,180 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana likifika nyuzi 30 hewa yake huwa nyepesi kama ya mahali penye mita 2,000. Injini hupungukiwa nguvu, mabawa nayo hushika kidogo. Hilo peke yake lisingemzuia, kwa kuwa njia ya kurukia ni ndefu. Kilichomzuia ni upepo wa alasiri wa Dodoma, ambao siku hiyo ulikuwa ukikata njia ya kutulia kutoka ubavuni. Ndege ya gurudumu la mkia ina uzito wake mkubwa nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa hiyo ikigusa chini huku ikisukumwa ubavuni, mkia hutaka kuzunguka na kutangulia. “Mama,” aliniambia, “nikitua vizuri leo hakuna atakayenisifu, nikitua vibaya mtanikumbuka wote.” Nilimjibu, “Tulale, Kapteni.”

Tabora ina sababu zake za kuheshimu tahadhari kama hiyo. Tarehe 27 Februari 1920 ndege kubwa ya Vickers Vimy Commercial, iliyokuwa ikijaribu kufika Afrika Kusini kutoka Uingereza, ilianguka hapo hapo Tabora na safari yake ikaishia hapo. Rubani Mwingereza Alan Cobham alipita Tabora salama miaka michache baadaye akielekea Cape Town, kwa ndege ndogo zaidi. Sisi tulilala nyumba ya wageni karibu na stesheni, tukanunua asali, na gharama ya kulala tukajilipia wenyewe kwa sababu mkataba haukuigusa. Dai letu kuhusu gharama hiyo ofisi bado haijalijibu.

Kipande cha Tabora hadi Dodoma tulikiruka alfajiri, na sina mengi ya kukisifia. Kusi lilikuwa likitupiga usoni, kwa hiyo kilomita zisizofika 350 zilituchukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Ndani palikuwa na baridi ya kweli miguuni, kelele zilichosha hata ukiwa umeziba masikio, na vichaka vya Itigi vinaendelea bila kubadilika mpaka macho yanachoka. Kilichonizindua ni ukingo wa Bonde la Ufa mashariki ya Manyoni, ambapo ardhi inakatika ghafla na reli inateremka ikijizungusha, huku mbele kukiwa na mbuga nyeupe kavu ya Bahi. Kupita juu ya ukingo huo ndege ilirushwa juu na chini mara kadhaa, na mdogo wangu alitumia mfuko wa karatasi. Dodoma tulitua kwenye upepo mtulivu, magurudumu matatu kwa pamoja, wala sikusikia mshtuko.

Ofisi hiyo inauza pia kipande cha Dodoma hadi Dar es Salaam. Mimi sikukichukua na sioni sababu ya mtu kukichukua, kwa kuwa tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafanya safari hiyo kwa sehemu ndogo ya bei, na ndani yake kuna choo. Cessna 180 haina choo, na mtu mwenye presha, mjamzito, au mzee ambaye magoti yake hayakubali kupanda kwa kukanyaga kwenye mguu wa gurudumu asijaribu.

Anayetaka safari hii aombe Kigoma–Tabora peke yake, kati ya mwezi wa sita na wa nane kabla moshi haujawa mwingi, na arudi kwa treni. Kabla ya kulipa aulize mambo manne: kama kampuni ina cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga cha kubeba abiria kwa malipo, kama ataruhusiwa kuona daftari la matengenezo, petroli ya kurudi ndege itaipata wapi, na nani atalipia kitanda rubani akiamua kulala njiani. Bei hukokotolewa kwa saa ya injini na si kwa kichwa, kwa hiyo watu wawili wepesi wenye mabegi madogo hukaa vizuri kuliko watatu wanaobanana, ingawa kila mmoja atachangia zaidi. Anayependa reli akae upande wa kulia, na anayetaka kuiona Moyowosi akae kushoto.