Chumvi ya Kununua kwa Sikilidi wa Maji ya Chumvichumvi: Kutoka Iliyo Bora Hadi ya Kuepukwa

Anayetaka kufuga nyumbani sikilidi wa milango ya mito, yaani ndugu wa perege wanaoishi pale maji baridi yanapokutana na ya bahari, kwa kawaida huchagua tangi, pampu na taa kwa uangalifu mkubwa, kisha chumvi huinunua popote ilimradi ni chumvi. Mimi ningeanza na chumvi, kwa sababu samaki hawa huridhika na taa ya kawaida na tangi lisilo na mapambo, lakini hudhoofika upesi katika maji yasiyo na madini waliyoyazoea.

Mwongozo huu unawahusu hasa aina mbili za sikilidi waitwao kromidi, wa India na Sri Lanka. Kromidi wa machungwa hukua hadi takriban sentimita 8, na jozi moja hutoshewa na tangi la lita 100. Kromidi wa kijani, Etroplus suratensis, ambaye jimbo la Kerala, kusini mwa India, humwita karimeen na ilimtangaza kuwa samaki rasmi wa jimbo mwaka 2010, hufikia sentimita 20 na kuzidi, hupenda kuishi kwa kundi, na asinunuliwe na mtu asiye na nafasi ya tangi la lita 300 au zaidi. Wote wawili wanastawi katika maji yenye takriban robo ya chumvi ya bahari: gramu 9 hivi kwa lita, au uzito linganishi (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na wa maji safi ya ujazo uleule) wa 1.005, pamoja na pH (kipimo cha uasidi na ualikali wa maji) kati ya 7.5 na 8.5 na joto la nyuzi 25 hadi 28.

Chaguo la kwanza ni chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa ajili ya akwariamu, ile inayouzwa kwa ndoo au mifuko kwa wafugaji wa samaki wa baharini. Sodiamu na kloridi ni takriban asilimia 85 ya chumvi iliyomo baharini. Sehemu iliyobaki ni salfeti, magnesiamu, kalisiamu, potasiamu na bikaboneti, na hiyo ndiyo unayoilipia. Bikaboneti huzuia pH isiporomoke, na pH ikiporomoka, bakteria wa kwenye kichujio wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki, kuwa nitreti hulegea kazi, na amonia hujikusanya hata kama maji yanaonekana maangavu. Usinunue daraja la juu lililokusudiwa matumbawe, kwani kalisiamu ya ziada iliyomo ina bei kubwa na kromidi hawaihitaji. Tena bei isikutishe kabla hujapiga hesabu: idadi ya lita iliyoandikwa kwenye mfuko ni ya maji ya bahari kamili, kwa hiyo wewe unayetumia robo utapata takriban mara nne yake. Tangi la lita 100 hutaka gramu 900 mwanzoni, na ukibadilisha lita 20 kila wiki utatumia gramu 180 tu.

Kwa wakazi wa Tanga, Mombasa, Unguja au Muscat, maji ya bahari yenyewe ni chaguo la pili, na kwa mwenye usafiri na mapipa safi ya plastiki yanaweza kuwa sawa na la kwanza. Yachotwe wakati maji yamejaa, mbali na bandari, mifereji na milango ya mito, na kamwe yasichotwe siku za mvua za masika, wakati mito inapomwaga matope na uchafu wa miji. Yachujwe, yahifadhiwe gizani kwa wiki chache, kisha sehemu moja ichanganywe na sehemu tatu za maji baridi yaliyoondolewa klorini. Gharama yake ni ndogo, ila ubora wake hutegemea siku na mahali, na ndiyo maana sikuyaweka juu.

Nafasi ya tatu nimeipa chumvi ya mawe ya mashamba ya pwani, kama yale ya Bagamoyo au ya kaskazini ya Malindi. Wengi huamini kwamba kwa kuwa imetoka baharini, ina kila kilichomo baharini, na imani hii ndiyo inayowaponza samaki wengi. Katika mabwawa ya kukaushia, sehemu kubwa ya kalisiamu hutangulia kuganda, chumvi hufuata, na maji machungu yanayobaki, yenye magnesiamu, humwagwa. Kinachofika sokoni ni kloridi ya sodiamu karibu tupu. Inafaa kwa muda, endapo utaweka kokoto za mawe ya chokaa ndani ya kichujio na kuongeza bikaboneti ya soda kidogo huku ukipima pH. Chumvi ya mezani ni ya namna hiyo hiyo. Iodini iliyomo ni kidogo mno kuwa tishio, ila madini yanakosekana vilevile.

Vile vikasha vya chumvi ya akwariamu vinavyouzwa kama dawa ya samaki wa maji baridi navipa nafasi ya nne, kwa kuwa ni kloridi ya sodiamu ileile kwa bei ya juu.

Mwisho kabisa, na si ya kununuliwa kwa kazi hii, ni mchanganyiko unaouzwa kwa ajili ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Maziwa hayo ni ya maji baridi. Yana pH ya juu lakini hayana chumvi ya bahari. Magadi nayo yasikaribie tangi. Ni kweli kwamba perege wadogo wa Ziwa Natron na Ziwa Magadi huishi ndani ya maji ya magadi, lakini kwa kromidi pH ya juu kiasi hicho ni mauti.

Pamoja na chumvi, nunua kipimo. Rifraktomita, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini, ndiyo bora, mradi irekebishwe kwa maji ya kipimo yenye chumvi ya gramu 35 kwa kilo; haidromita ya kioo, ile inayoelea majini, inatosha kwa bajeti ndogo, nayo ni afadhali kuliko ile ya mshale, ambayo kiputo kimoja cha hewa huipotosha.

Chumvi iyeyushwe kwenye ndoo, isimwagwe juu ya samaki, na ikiwa umewanunua wakiwa katika maji baridi, uzito linganishi upandishwe kwa 0.002 tu kwa wiki ili samaki na bakteria wazoee pamoja. Maji yanayopungua kwa mvuke yajazwe kwa maji baridi, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke. Ndoo ya chumvi nayo ifungwe barabara, hasa pwani, ambako unyevu wa hewa huigandisha na kufanya kila kipimo cha gramu kisiaminike.