Banda la mbwa msimu wa kaskazi: makuti au bati?

Kaskazi ikishaingia Tanga, Desemba hadi Machi, swali hurudi palepale: banda la mbwa liezekwe nini?

Kwa joto, makuti yanashinda, na kwangu hili ndilo kubwa. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, maisha yake yako hatarini. Saa saba mchana niligusa bati la banda la jirani hapa Chumbageni, nikautoa mkono upesi. Mbwa mwenyewe alikuwa amejichimbia shimo chini ya mwembe, ulimi nje, ute unamdondoka. Niliumia sana.

Makuti ni nafuu, ila huoza, na kupe hujificha humo. Bati hudumu na halina kazi ya usafi, ingawa karibu na bahari, kama Raskazone, chumvi hulila.

Una mwembe wenye kivuli cha kutwa? Bati linatosha, liinue, upepo upite. Ua wako ni mtupu? Ezeka makuti, na dawa ya kupe usiikose. Maji safi kotekote, kwenye chombo kizito kisichopinduka.