Chujio la FX80 kwa macho ya muuguzi wa dayalisisi

Nafanya kazi kitengo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo hapa Mombasa, na kati ya machujio yaliyopita mikononi mwangu, FX80 ya kampuni ya Fresenius ndilo ninaloliamini zaidi. Wengi husifu ukubwa wake, yaani mita za mraba 1.8 za utando. Mimi natazama linavyokaa na damu.

Utando wake ni polisulfoni, plastiki ambayo ikiwa peke yake haipatani na maji: protini za damu huing'ang'ania, chembe za kugandisha damu zikafuata. Ndiyo maana huchanganywa na polima nyingine inayopenda maji, PVP, ili protini zisishike kwa urahisi. Fresenius walitoa machujio ya polisulfoni mwaka 1983. Utando wa selulosi uliokuwa ukitumika sana kabla ya hapo uliamsha kinga ya mwili: dakika za mwanzo tu chembe nyeupe zinashuka, na wagonjwa wengine kifua kinabana, mgongo unauma.

Mtihani wenyewe uko mwisho wa kipindi cha kusafisha damu, kinachochukua muda wa saa nne. Tunarudisha damu kwa maji ya chumvi, nami hulishika chujio wima na kuligonga kidogo kwa kiganja. Nyuzi maelfu, kila moja ina tundu la maikromita 185 tu, zinafifia kutoka wekundu hadi waridi, kisha zinakuwa nyeupe. Zilizoganda hubaki michirizi myeusi, na kila mchirizi ni damu ya mgonjwa ambayo haikurudi mwilini. Kwa mtu mwenye hemoglobini ya 7, yaani mwenye upungufu mkubwa wa damu, hilo si jambo dogo! Kwa FX80, heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) ikipimwa vizuri, mara nyingi naona weupe mtupu hadi kwenye kifuniko.

Tena limeuliwa vijidudu kwa mvuke, si kwa gesi ya ethilini oksaidi, ambayo baadhi ya wagonjwa wana mzio nayo.

Heparini bado inahitajika, lakini. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa, ambaye hatuwezi kumpa dawa hiyo, tunampitishia maji ya chumvi kila nusu saa na jicho haliondoki kwenye chemba ya vena, kile kichupa ambamo damu hupita ikirudi mwilini. Wapo watengenezaji wanaofunga heparini kwenye utando wenyewe. Natamani sana machujio hayo yafike kwetu kwa bei tunayoiweza.

Ndugu wa mgonjwa, mkiambiwa mkanunue chujio nje, msiulize bei peke yake. Ulizeni utando ni wa nini na vijidudu vimeuliwa kwa njia gani, kisha mtuonyeshe kabla hamjalipa. Picha ya lebo kwa WhatsApp inatosha.